Gasketi za Land Rover Yetu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, tawi la Chato, baada ya chakula cha mchana.)



Katibu aliponitaka niseme neno katika mkutano huu alinitajia mada ya maendeleo ya wilaya. Nikamjibu kwamba habari hiyo mnaisikia kila siku, na wengine humu ndani mnaijua kunishinda. Nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya deni langu. Mnakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita mlichanga fedha ili injini ya Land Rover ya shule ifufuliwe, mkanikabidhi mimi kazi ya kuisimamia. Mnajua pia, maana habari hazifichiki, kwamba gari lilipotoka gereji mara ya kwanza lilifika karibu na Bwanga likafa, likarudi Chato likivutwa na lori la mchanga. Hamjapata kuelezwa kwa nini. Leo nataka kueleza, na katika kueleza sina budi niseme habari za gasketi na gundi zake, kwani mambo yote yalianzia hapo. Wasio na magari wanivumilie kidogo. Mwenye pampu ya maji, mashine ya kusaga au karasha la dhahabu atapata humu la kumfaa.

Kwa vijana ambao hawakuikuta ikitembea: Land Rover hii ni Series III, ile ndefu ya inchi 109, yenye injini ya petroli ya silinda nne, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286. Series III zilitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Ya kwetu ilitoka kiwandani kabla ya mwaka 1980, na jambo hilo mtaona baadaye kuwa lina maana kwa mnunuzi wa spea. Ilibeba unga, ilibeba kuni, ilibeba timu ya mpira, na usiku mmoja wa masika, sisi tukiwa kidato cha pili, ilimbeba mwenzetu mmoja aliyekuwa amezidiwa na malaria hata hajitambui. Daktari alisema baadaye kwamba wangechelewa saa mbili, basi. Mwenzetu huyo yumo humu ndani, amenenepa, na ndiye aliyekula wali sahani mbili leo. Shule ilipotaka kuiuza gari hii kwa bei ya chuma chakavu, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza akasema haiwezekani.

Dereva wetu wa siku zile, ambaye sote tulimwita Mzee Dereva na Mungu amrehemu, hakuwa na vitabu wala vipimo. Tangi la petroli likitoboka alisugua kipande cha sabuni ya mche mahali pale, likaacha kuvuja mpaka afike alikokuwa anakwenda. Mimi nilikua nikiamini kwamba ufundi wote ni namna hiyo, kwamba panapovuja unapaka kitu. Nikaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nikasomea mambo ya uchumi, nikaajiriwa Serikalini, nikawa afisa mipango, na imani hiyo bado ninayo. Ndiyo iliyotuponza.

Sasa sikilizeni. Gasketi ni nini? Ni kitu laini kinachowekwa kati ya vyuma viwili vigumu. Chuma hata ukikichonga namna gani hakilingani na chuma kingine bila kuacha nafasi ndogo ndogo, na katika nafasi hizo hupita maji, oili, petroli au moto. Gasketi hubanwa na bolti mpaka ikajaza nafasi hizo. Kwa hiyo inayofanya kazi ni bolti na mbano wake, na gasketi inakubali kubanwa. Gundi ni msaidizi tu, na mahali pengine haitakiwi kabisa.

Sikuyajua hayo. Tulimchukua fundi kijana kutoka Katoro, mtu hodari ambaye kazi yake ya kila siku ni injini za makarasha huko machimboni. Injini ya karasha hufanya kazi kwenye vumbi mchana na usiku, na hufunguliwa kila mara. Mafundi wa kule hupaka silikoni kila mahali, na kwa kazi ile sikuwalaumu, kwani wanajua wataifungua tena muda si mrefu. Kijana alipaka kiasi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na tubu mbili zaidi mkononi, na ndimi niliyesema, "Ongeza." Akaniangalia akasema, "Bwana Mipango, itazidi." Nikasema, "Bora izidi kuliko ipungue." Maneno hayo ni yangu, na ningependa yaandikwe hivyo katika kumbukumbu za chama.

Tulipaka silikoni juu na chini ya gasketi ya kichwa cha injini. Tukapaka kwenye sampu mpaka ikatokeza nje kama meno. Tukafunga, tukawasha, injini ikaimba. Siku ya tatu tukaondoka na watu sita. Tulipokaribia Bwanga taa ya oili iliwaka, kukawa na mlio wa chuma kwa chuma, na kabla dereva hajapata pa kuegesha injini ikaganda.

Tulipoifungua tuliona mambo mawili. La kwanza, chujio lililoko ndani ya sampu, lile ambalo pampu hufyonza oili kupitia kwake, lilikuwa limezibwa na nyuzi nyekundu za silikoni. Ile iliyotokeza nje ya sampu mlikuwa mkiiona. Iliyotokeza ndani kwa kiasi kile kile hakuna aliyeiona. Oili ya moto iliibandua kipande kwa kipande, ikaipeleka kwenye chujio, na bearing zikakosa oili. La pili, gasketi ya kichwa ilikuwa imekwisha kupasuka kati ya silinda ya pili na ya tatu. Gasketi hiyo hushikiliwa na mkwaruzano wa chuma pamoja na mbano. Tulipoitandikia utelezi pande zote mbili haikuwa na pa kushika, na moto wa silinda ni mkali kuliko silikoni yoyote inavyoweza kustahimili.

Krankshafti ilikwenda Mwanza kuchongwa, na bearing mpya zikanunuliwa. Mchango wenu wote ukaishia hapo. Gharama za awamu ya pili nimezibeba mwenyewe, na Mweka Hazina anazo risiti zote, za kwanza na za pili.

Huko Mwanza ndiko nilikompata mwalimu. Ni fundi mzee, aliyeanza kazi katika gereji za Serikali enzi za Bedford na Leyland, na sasa amestaafu anakaa chini ya mwembe na sanduku la spana. Nilimpelekea picha za uharibifu wetu. Akazitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, ninyi mmejenga ukuta kwa saruji bila matofali." Nikamwomba anifundishe tangu mwanzo. Alikubali kwa sharti kwamba nije na kitabu cha injini, na kwamba nitafanya kazi kwa mikono yangu, siyo kusimama pembeni.

Akaanza na usafi, na nadhani nusu ya mafunzo yake ilikuwa ni usafi. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote. Hapa naomba msikilize kwa makini, maana ni jambo la afya: gasketi za kichwa za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Uingereza yenyewe, zilikotoka gari hizi, ilikamilisha kuipiga marufuku mwaka 1999. Basi usikwangue gasketi kavu, wala usiipige kwa mashine ya kusagia au brashi ya waya inayozunguka. Iloweshe maji, ukwangue polepole kwa kisu butu, na takataka uzifunge ndani ya mfuko. Tena, ukikuta dukani gasketi ya kale iliyokaa kwenye boksi lake tangu enzi zile, usifurahi haraka kwamba umepata halisi. Huenda ni halisi kwa asbesto pia.

Baada ya kusafisha alinipa rula ya chuma iliyonyooka. Unaisimamisha juu ya uso wa kichwa, kwa urefu, kwa upana, na kwa kona hadi kona, kisha unajaribu kupitisha ukanda mwembamba wa kupimia chini yake. Kichwa cha Land Rover hii ni chuma cha kalibu kama bloku yake, kwa hiyo hakipindi upesi. Chetu kilikuwa kimepinda kidogo kwa lile joto la Bwanga, kikapelekwa kusawazishwa. Wenye Peugeot 404 na 504 wanajua kwamba kwao mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kichwa ni aluminiamu na bloku ni chuma, na vyuma hivyo viwili havitanuki sawa vikipata moto. Tena silinda zake ni mabomba yanayochomekwa, maji yakiyazunguka, na kila bomba halina budi litokeze juu ya bloku kwa kipimo chake, la sivyo gasketi mpya itaungua hata iwe ya dhahabu. Nasema haya nikijua kuna wapenzi wa Peugeot humu. Msisimame kunikumbusha kwamba Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda East African Safari kwa 404 mwaka 1966 na tena 1967. Tunajua. Hakupaka silikoni.

Tukaja kwenye kuchagua. Duka la kwanza liliniletea seti nzima kwenye mfuko wa plastiki, bei ya chini, na muuzaji akaapa kwamba ni ya injini hii. Mzee alikuwa amenionya nisitupe gasketi ya zamani hata kama imepasuka, bali niende nayo dukani. Nikailaza juu ya mpya. Matundu mawili ya maji hayakuwepo, na ile pete ya bati inayozunguka silinda ilikuwa imeingia ndani ya tundu kwa upana wa unyasi. Ingekuwa inaungua kila moto ukiwaka. Ilikuwa ni gasketi ya injini ya dizeli ya ukoo ule ule, na mtu asiyelinganisha hawezi kujua. Vile vile seti za kabla ya mwaka 1980 na za baada yake si za kuchanganya, maana injini za kwanza zilikuwa na bearing kubwa tatu za krankshafti na za baadaye tano. Muuzaji akikuuliza "Series ngapi?" asiulize la bearing, muulize wewe.

Nikauliza kama nitafute gasketi ya kisasa ya chuma tupu, ile ya matabaka ya bati jembamba ambayo magari mapya hutumia. Mzee akakataa. Gasketi hizo ni nzuri sana, lakini zinataka uso laini mno, uliochongwa kwa mashine bora, na uso wa injini yetu una mikwaruzo ya miaka arobaini ya visu vya mafundi. Gasketi ya zamani yenye nyuzi na bati, au ya shaba, husamehe mikwaruzo. Tukachukua ile ya nyuzi isiyo na asbesto. Ya shaba tupu nayo ni nzuri, na inaweza kutumika tena ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu kisha ukaipoza, maana hapo hurudia ulaini wake.

Onyo jingine dogo: katika gasketi baadhi ya matundu ya maji ni madogo kuliko yale ya kichwa. Kijana wetu wa Katoro, ambaye nilimwita tena kwa sababu sikutaka aondoke na lawama isiyo yake, alishika mkasi ili ayapanue. Mzee akamzuia mkono. Udogo ule umekusudiwa, ndio unaogawa maji yaende nyuma ya injini na si yote kupita mbele. Sisi tuko kando ya ziwa, lakini ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Injini ya huku haina nafasi ya kuchezea.

Sasa gundi. Watu wengi huita kila tubu silikoni, na hapo ndipo penye kosa. Silikoni halisi hukauka kwa unyevu wa hewa ikawa kama mpira. Inafaa mahali ambapo bati limekutana na chuma, pasipo moto mkali, kama kona za sampu, na ipakwe uzi mwembamba kama wa kiberiti, tena kwa ndani ya matundu ya bolti. Haivumilii petroli: ikilowana huvimba ikalainika. Kwa hiyo kwenye kabureta na pampu ya mafuta usiiweke kamwe. Aina nyingine ni ile isiyokauka, kama Hylomar ya buluu, ambayo hubaki ina unato siku zote. Hiyo inafaa gasketi za karatasi, yaani za pampu ya maji na kifuniko cha mbele, na siku ya kufungua hutukani mtu. Ziko za kale zinazokauka kama lakiri. Zinashika sana, na mwenye kuzitumia hukumbukwa na fundi anayemfuata. Ya mwisho ni ile inayokauka pale tu inapokosa hewa, kati ya vyuma viwili vilivyochongwa vikakutana barabara. Ukiipaka kwenye sampu ya bati iliyopinda itabaki majimaji mpaka kiyama.

Na kuna mahali pa kuweka gasketi kavu. Gasketi ya kichwa, ikiwa aliyeitengeneza hakuagiza vingine, iwekwe kavu. Ya manifoldi ya moshi iwekwe kavu, kwani gundi itaungua siku ya kwanza. Ya kabureta, kavu.

Vifuniko vya pembeni vya chumba cha tapeti vilikosa gasketi katika seti yetu. Mzee akaniambia nitafute karatasi ngumu. Nikampelekea jalada la faili la manila. Aliliweka juu ya uso wa chuma, akagonga pembeni taratibu kwa nyundo yenye kichwa cha duara, na chuma chenyewe kikakata karatasi mpaka ikatoka sawasawa na umbo lake, matundu yote yakiwemo. Akaipaka grisi nyepesi, ikakaa, na mpaka leo haijavuja. Naona Mkaguzi wetu ananitazama. Jalada lile nililinunua dukani, na risiti yake imo.

Gasketi ya kifuniko cha juu ni ya koki. Ikikaa sana dukani hukauka ikawa fupi, matundu yasikutane na bolti. Watu huivuta ikakatika. Iloweke katika maji ya vuguvugu kwa muda, itarudi urefu wake. Tena usikaze kwa nguvu: koki hukimbia nje na bati hupinda, ukadhani inavuja kwa kulegea, ukaongeza kukaza.

Kwenye kukaza kichwa Mzee alinikabidhi spana ya kupimia nguvu, mali yake mwenyewe ya miaka mingi. Kwanza matundu ya bolti yakaushwe kabisa, maana maji au oili ikibaki chini ya tundu bolti huikandamiza, spana inakuambia imefika kumbe haijafika, na bloku linaweza kupasuka. Halafu unaanza bolti za katikati kwenda nje, kwa zamu: paundi 30 zote, kisha 50, kisha 65 ambazo kitabu cha injini hii kinataka. Mikono yangu ya ofisini ilitetemeka. Kisha tukaiwasha, ikapata moto, tukaizima, tukaiacha ipoe usiku kucha, na asubuhi tukakaza tena. Bolti tatu zilizunguka kidogo. Nikafikiri juu ya wale watu sita wa Bwanga, ambao mara ya kwanza niliwapakia siku ya tatu tu bila mtu kurudia kukaza hata bolti moja.

Gari lilitoka Mwanza kwa miguu yake, likapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, pale ambapo Mzee Dereva alikuwa akilala akisubiri kivuko, likaja Geita, Katoro, mpaka hapa. Lilipofika nilichomoa kijiti cha oili mbele ya Mwenyekiti. Ilikuwa safi, haina ule weupe wa chai ya maziwa unaoonyesha kwamba maji yamechanganyika.

Kasoro moja imebaki, na afadhali mwisikie kwangu. Nyuma ya krankshafti, katika injini hizi za bearing tatu, kuna sili iliyogawanywa vipande viwili, na ubavuni mwa kifuniko chake kuna vipande vya koki vyenye umbo la herufi T. Vikikatwa vifupi vinavuja, vikiachwa virefu mno vinakunjika wakati wa kufunga. Nilivifunga mimi. Mzee alinitahadharisha, nami nikadhani nimefaulu, na kimoja nadhani kilikunjika. Gari hudondosha matone machache kila likilala. Kuirekebisha ni kushusha sampu yote upya. Fundi wetu wa Katoro amesema ataifanya mwezi wa likizo, bila malipo, ila mimi nisiwepo.

Liko nje, chini ya mti, na nimeweka kopo la maziwa chini yake ili lisichafue uwanja wa watu. Mwalimu wetu wa fizikia ameniomba apande mbele. Walio tayari kwenda mpaka Muganza na kurudi, nafasi ni kumi, na maji ya rejeta yamekwisha kuangaliwa.